Sauti kutoka Ng'ambo ya Rusumo

Redio ya baba mdogo ilikuwa National ya betri nne, na betri zilipochoka tulizianika juu ya bati kama mihogo. Radio Tanzania ilifika kwetu Ngara ikikohoa. Radio Rwanda iliingia safi, utadhani mtangazaji kaketi jikoni anasubiri uji. Kwa hiyo wenzetu wa Morogoro na Tabora walipokuwa wakibishana Msondo au Sikinde, ubishi wetu ulikuwa mwingine: nani katika Orchestre Impala ya Kigali ndiye mwenye ile sauti laini. Kihangaza chetu kimepakana na Kinyarwanda na Kirundi kama mashamba yasiyo na ua. Nusu ya maneno tuliyapata bila kufundishwa, nusu nyingine tukaijazia wenyewe.

Nusu hiyo ya kujazia ndiyo iliyonipandisha basi la Kigali nikiwa na mvi. Kuna wimbo mmoja wa enzi zile ambao sikuwahi kujua jina lake wala mtunzi wake, na tangu nikiwa na miaka tisa naamini unamsifu ng'ombe. Si kitu cha ajabu kwa Mnyarwanda kumwimbia ng'ombe. Wana utanzu mzima wa ushairi kwa kazi hiyo. Lakini kadiri nilivyozeeka ndivyo shaka ilivyonikaa. Ng'ombe gani anaimbiwa kwa sauti ya kukata tamaa namna ile?

Rusumo siku hizi unavuka kwa dakika chache, mhuri wa Tanzania na wa Rwanda ukigongwa chini ya paa moja. Chini ya daraja mto Akagera unaporomoka ukiwa na rangi ya chai ya maziwa. Watu wa rika langu hatuwezi kuutazama mto huu kama maporomoko tu. Mwishoni mwa Aprili 1994, ndani ya kama saa 24, wakimbizi wa Rwanda wapatao 250,000 walivuka hapa kuingia wilayani kwetu, na Benaco, mahali palipokuwa pori, pakawa na watu wengi kuliko mji wowote tuliowahi kuuona. Maji yenyewe yalileta maiti hadi Ziwa Victoria. Katika wiki zile baba mdogo aliizima redio, na alipoiwasha tena tulikuwa tumehamia idhaa nyingine.

Kigali niliteremka kwenye pikipiki mtaani Nyamirambo, kofia ngumu ya abiria ikinuka jasho la watu kumi. Ukitafuta njia ya wanamuziki katika mji huu, anzia hapa na mtaa jirani wa Biryogo. Mjerumani Richard Kandt alipoweka makao yake Kigali mwaka 1907, nyuma yake walikuja askari, makarani na wafanyabiashara waliozungumza Kiswahili, na mitaa ya Waislamu ikakua upande huu wa mlima. Msikiti wa Al-Fatah unahesabu umri wake tangu 1913. Kwa miongo mingi Kiswahili cha hapa kilitazamwa kwa jicho la pembeni, lugha ya sokoni na ya wajanja. Mwaka 2017 kikaingizwa miongoni mwa lugha rasmi za nchi. Mimi nilifaidi tu. Niliagiza chai na mizuzu kwa Kiswahili, nikajibiwa kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Bukavu.

Mwenyeji wangu, mzee aliyepiga gitaa la besi katika bendi mbili tatu za miaka ya themanini na ambaye hakutaka jina lake liandikwe, alinikaribisha sebuleni. Nikamwamkia shikamoo, akaipokea kwa kicheko, maana si salamu ya pale. Kisha akaniita "mdogo wangu" siku nzima.

Majina ya bendi aliyamimina kama mtu anayetaja watoto wake: Impala, Nyampinga, Ingeli, Abamararungu, Les Citadins, Les Fellows. Wote walitoka tumbo moja, rumba ya Kongo, na magitaa yao yanakiri hivyo tangu pigo la kwanza. Kazi ngumu ilikuwa maneno. Kinyarwanda kina toni, tena kina irabu fupi na ndefu, na mtunzi akivuta silabi isiyovutika, neno linamgeukia. Mzee alinipa mfano wa wazi kabisa: kitenzi cha kutembelea mtu na kitenzi cha kujamba vinatofautiana kwa urefu wa irabu moja. Mwimbaji anayemwambia mpenzi wake atakuja kumtembelea lazima ahesabu vizuri. Ndiyo maana, nadhani, nyimbo za Impala hazina haraka. Zinatembea na usemi wa watu, na gitaa linasubiri sentensi iishe.

Kila bendi ilitamani kufika mahali pamoja, studio ya Radio Rwanda. Redio ya taifa ndiyo iliyorekodi, ndiyo iliyopiga, na ndiyo iliyotunza kanda. Msomaji wa Tanzania anaijua hali hii. RTD ilikuwa hivyo hivyo. Mzee alisimulia jinsi walivyosimama chumba kimoja, wote pamoja, na mmoja akikosea wanaanza upya. Wimbo ukishatoka hewani unaitwa wimbo wa Impala, au wa Nyampinga. Aliyekesha akiuandika yuko ndani ya jina la bendi, kama sukari ndani ya chai. Jambo hili halikuwa la Kigali peke yake. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu aliyefika Dar es Salaam mwaka 1978, alipata umaarufu na Orchestra Matimila, na hilo Matimila ni jina la kijiji cha mfanyabiashara aliyemiliki vyombo. Mwenye gitaa alitangulia mwenye wimbo.

Sauti laini tuliyoibishania Ngara niliambiwa ni ya André Sebanani. Kumbe mtu huyo nilimsikia mara nyingi zaidi ya nilivyodhani: alikuwa mfanyakazi wa Radio Rwanda na mwigizaji katika kundi la tamthilia za redioni la Indamutsa. Aliyekuwa akicheka kwenye mchezo wa jioni ndiye aliyelia kwenye wimbo wa usiku. "Karimi ka Shyari", wimbo wake kuhusu ulimi wa husuda, bado unapigwa. Yeye aliuawa mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Waliuawa pia Rodrigue Karemera na Dieudonné Bizimungu. Cyprien Rugamba, mshairi na mwanahistoria aliyeongoza kundi la Amasimbi n'Amakombe, aliuawa nyumbani kwake Kigali tarehe 7 Aprili, siku ya kwanza kabisa, pamoja na mkewe Daphrose na watoto wao sita. Mzee alitaja wengine wasiojulikana nje ya mtaa wake, mpiga tumba fulani, kijana fulani wa kinanda. Alipofika hapo alinyanyuka kwenda kuzima jiko ambalo halikuwa linawaka.

Tulitembea kidogo hadi uwanja wa mpira wa Nyamirambo, ambao tangu 2023 unaitwa Pelé. Mwezi Oktoba 1990, siku chache baada ya vita kuanza mpakani, maelfu ya watu walikamatwa nchi nzima wakiitwa ibyitso, vibaraka wa adui, na wengi wa Kigali walirundikwa humu. Miongoni mwa waliofungwa mwaka huo, miezi sita, alikuwa mwimbaji kijana wa Ingeli: Jean-Paul Samputu.

Njia ya Samputu nimeifuata kwa makini kuliko zote, kwa sababu ndiye aliyetoka ndani ya jina la bendi akasimama na lake. Alizaliwa 1962, akaanza kwenye kwaya ya kanisa, akapita Nyampinga kisha Ingeli, akijifunza kama kila kijana wa bendi alivyojifunza: unaimba unachoambiwa mpaka siku utakapoombwa wimbo wako. Alipotoka kifungoni baba yake alimshauri aondoke nchini, akaishi kwa kuimba Burundi na Uganda. Baba mwenyewe hakukubali kuhama. Kijijini kwao upande wa Butare aliwaamini majirani. Samputu alirudi Julai 1994 akakuta wazazi wake, kaka watatu na dada mmoja wameuawa, na aliyemuua baba yake ni jirani na rafiki yake wa utotoni.

Alikunywa pombe miaka tisa. Hili amelisema mwenyewe kwenye majukwaa mengi, bila kujitetea. Kuna shoo alizoshindwa kufika, na nyingine alifika asiweze kusimama. Kinachonishangaza mimi ni kwamba katikati ya ulevi huo kazi iliendelea kuiva. Aliachana na rumba tupu akaenda kuchota kwenye ngoma za nyumbani, yale mapigo ya tano-tano ya Kinyarwanda yanayomchanganya miguu mgeni aliyezoea nne, na midundo ya Batwa ambayo bendi za mjini hazikuigusa. Aliimba kwa Kinyarwanda, Kiswahili, Kiganda, Kilingala, Kifaransa na Kiingereza. Mwaka 2003 akapata tuzo ya Kora. Mwaka 2006 wimbo wake "Psalm 150" ukashika nafasi ya kwanza, upande wa muziki wa dunia, katika shindano la kimataifa la watunzi wa nyimbo. Na mwaka 2007, mbele ya gacaca, mahakama ya kijamii iliyosikiliza kesi za mauaji yale, alisimama akatamka kwamba amemsamehe yule rafiki. Walionusurika wenzake hawakukubaliana naye wote, na sioni kwa nini wangepaswa. Mzee wangu, kwa mfano, alipofika hapo alitikisa kichwa tu akauliza kama chai imepoa.

Niliuliza na jina lisilopendwa. Huwezi kuandika historia ya watunzi wa Rwanda ukamruka Simon Bikindi, mzaliwa wa 1954, mtumishi wa Wizara ya Vijana na Michezo, kiongozi wa kundi la Irindiro, mtunzi mwenye kipawa kikubwa ambaye nyimbo zake zilipigwa mfululizo na RTLM, redio ya chuki iliyoanza 1993. Alikamatwa Uholanzi mwaka 2001, akahukumiwa Arusha tarehe 2 Desemba 2008 kifungo cha miaka 15. Wengi hudhani alifungwa kwa nyimbo. Sivyo. Mahakama ilimtia hatiani kwa maneno aliyoyatangaza kwa kipaza sauti barabarani, akiwahimiza watu kuua. Kuhusu nyimbo zenyewe majaji walitembea kwa uangalifu, na alifia Benin mwaka 2018 bila swali hilo kufungwa. Mzee alisema jambo moja tu: "Walitumia redio ileile niliyokuwa naisubiri nisikie besi yangu."

Kanda zilizobaki zinaendelea kupigwa. Watanzania tunaziita zilipendwa, wao wanaziita karahanyuze, na Jumamosi mchana ukipita mbele ya saluni tatu utasikia nne. Pesa ni habari nyingine. Rwanda ilipata sheria mpya ya haki miliki mwaka 2009, na Cécile Kayirebwa, aliyekuwa uhamishoni Ubelgiji tangu 1973 na ambaye kaseti zake zilisikilizwa kwa kificho miaka ya vita, alikwenda mahakamani kuvidai vituo vya redio vilivyopiga nyimbo zake, cha taifa kikiwamo. Kayirebwa angalau jina lake limeandikwa kwenye kaseti. Mpiga besi wa bendi adai nini, na kwa risiti ipi?

Ijumaa usiku tulikwenda kwenye igisope. Neno hilo ndilo wanaloliita muziki wa bendi wa baa, mtu akipiga nyimbo za wakubwa watu wakila mishikaki. Wapo wakubwa wenyewe pia: Makanyaga Abdul alianza kuimba mwishoni mwa miaka ya 1960, na alivuka miaka 70 akiwa bado jukwaani. Bendi tuliyoikuta ilikuwa ya vijana. Wawili walisomea shule ya muziki ya Nyundo, iliyofunguliwa 2014 na kuongozwa na Mighty Popo, mwana wa wakimbizi wa Kinyarwanda aliyezaliwa Burundi na kupigia gitaa Kanada. Wanasoma noti kama gazeti.

Walipopumzika nilimwendea mpiga kinanda nikamwimbia wimbo wangu kwa mluzi. Hakuujua. Nikarudia. Yule wa besi, aliyekuwa akinywa Fanta nyuma ya spika, akachukua gitaa lake bila kusema kitu, akapiga vipande viwili, na Mzee kwenye meza yetu akaweka chupa chini.

Waliupiga wote. Nilimwomba jirani yangu anifasirie, naye akanong'ona mstari kwa mstari. Hakuna ng'ombe. Ni msichana aliyeolewa mbali, ana macho ya ndama, na kwa Mnyarwanda hakuna sifa ya macho inayozidi hiyo. Ukimwambia hivyo binti wa Tanga jiandae kukimbia. Miaka arobaini nimekuwa nikimhurumia mfugaji.

Wimbo ulipokwisha niliuliza mtunzi ni nani. Mwimbaji akasema Sebanani. Wa besi akakataa, akataja mwingine wa Impala. Mpiga kinanda akafungua simu, na simu ikatoa jina la tatu. Mzee akasema wote watatu wanakosea, na kwamba hata ile sauti ya kwanza wanayoipenda si ya huyo wanayemdhani. Akavuta kiti chake karibu na jukwaa, wa besi naye akavuta chake, na meza ya jirani wakaingilia.