Sumu Iliyogeuka Dawa

Wahenga walisema kwamba dawa ya moto ni moto. Usemi huu umezoeleka mno vinywani mwetu hata hatuufikirii tena. Lakini katika historia ya utabibu, msomaji, iko dawa moja iliyouthibitisha kwa namna ya ajabu, maana ilitokana na silaha ya vita, na mpaka leo ukali wake haujaiacha.

Mwezi wa Julai mwaka 1917, katika Vita Vikuu vya Kwanza, majeshi ya Ujerumani yalitupa makombora ya gesi ya haradali karibu na mji wa Ypres, katika nchi ya Ubelgiji. Gesi hiyo haikutengenezwa kwa haradali. Ilipewa jina hilo kwa sababu ya harufu yake. Iliunguza ngozi ikatoka malengelenge, ikapofusha macho, ikachoma mapafu. Baadaye madaktari waliochunguza majeruhi waligundua dhara jingine lililofichika ndani ya mwili. Chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wetu dhidi ya maradhi, zilikuwa zimepungua sana, na uboho wa mifupa, ambamo chembe hizo huzaliwa, ulikuwa umeharibika. Habari hizo ziliandikwa mwaka 1919, lakini kwa miaka mingi hazikumfaa mgonjwa ye yote.

Vita vya Pili vilipozuka, wataalamu wawili wa dawa katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, Louis Goodman na Alfred Gilman, walipewa kazi ya kuchunguza haradali ya nitrojeni, sumu iliyo ndugu ya gesi ile. Wakajiuliza hivi: ikiwa sumu hii huua chembe nyeupe za damu, je, haitaweza kuua saratani ya matezi, ambayo ni chembe za namna hiyo zilizoasi na kuzaana bila kiasi? Walipoijaribu kwa panya, uvimbe ulinywea. Mwezi wa Agosti 1942 akadungwa mtu mmoja ambaye matibabu ya miali yalikuwa hayamsaidii tena. Baada ya siku chache uvimbe wake ulipungua, akaweza kumeza chakula na kulala. Lakini chembe zake nyeupe nazo zilipungua vibaya, kisha ugonjwa ukarudi, na mwezi wa Desemba akafariki. Kwa kuwa mambo hayo yalikuwa siri ya vita, hayakutangazwa mpaka mwaka 1946.

Huenda ukasema kwamba jaribio lile halikufaulu. La, sivyo. Kwa mara ya kwanza watu waliona saratani ikirudishwa nyuma na kemikali iliyodungwa mshipani. Msiba mwingine uliwapa ushahidi zaidi. Tarehe 2 Desemba 1943, ndege za Ujerumani zilishambulia bandari ya Bari, Italia, na meli ya Marekani iitwayo John Harvey, iliyobeba kwa siri mabomu ya haradali, ikalipuka. Mamia ya watu waliungua. Daktari Stewart Alexander, alipochunguza damu ya wahanga, aliona jambo lile lile: chembe nyeupe zilikuwa zimetoweka.

Wanasayansi wakaendelea kuifuga sumu hiyo. Mnamo miaka ya 1950 Wajerumani walitengeneza saiklofosfamaidi, ambayo huingia mwilini ikiwa imelala mpaka ini liiamshe. Dawa hiyo ilifika kwetu mapema. Katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt alikuwa ameona tangu 1957 watoto waliovimba mataya kwa saratani ambayo kisu hakikuiweza. Walipotibiwa kwa dawa za kemikali, saiklofosfamaidi ikiwa mojawapo, baadhi yao walipona kabisa. Mwaka 1967 Taasisi ya Saratani ya Uganda ilifunguliwa hapo hapo Mulago.

Sasa tuutazame ukali wake. Dawa hii huharibu kiini cha chembe inayojigawa, na chembe za saratani hujigawa upesi. Lakini hazijigawi hizo peke yake: mizizi ya nywele, utando wa tumbo na uboho pia hujigawa kila siku. Kwa hiyo mgonjwa hunyonyoka nywele, hutapika, na hukosa kinga hata homa ndogo ikawa hatari. Saiklofosfamaidi yaweza pia kuchubua kibofu hadi mkojo uwe na damu. Ndiyo sababu mgonjwa huambiwa anywe maji mengi. Yaweza kuondoa uwezo wa kuzaa, na mara chache, baada ya miaka, kuleta saratani nyingine. Daktari, basi, hupima damu kabla ya kila dozi, naye hutembea katika njia nyembamba: akipunguza mno, ugonjwa hurudi; akizidisha, dawa huua.

Wako wagonjwa ambao huogopa mateso hayo wakaacha matibabu katikati, wakidhani kwamba dawa ndiyo inayowamaliza. Hapo saratani hupata nafasi ya kurudi. Kwa hiyo, kijana, ukimwona jirani au mwanafunzi mwenzako amenyonyoka nywele kwa matibabu, usimcheke wala usimshauri akimbie hospitali. Mweleze kwamba nywele kwa kawaida huota tena, mhimize amwambie daktari kila taabu anayoipata, na umsaidie kufika siku ya dozi yake. Anapigana vita, na silaha aliyopewa ina makali pande zote mbili.