Sakiti breka kuukuu za viwandani

Sakiti breka ya kiwandani iliyokaa miaka mingi hupimwa ili kujua kama bado inaweza kukata mkondo wa shoti bila yenyewe kupasuka. Mambo ya kuchunguza ni mawili: ukubwa wa shoti inayoweza kutokea mahali hapo leo, na hali ya breka. Mafundi wengi hukimbilia la pili, ilhali la kwanza huhitaji kalamu na karatasi tu, na mara nyingi ndilo linalomaliza ubishi.

Transfoma ya kVA 500 kwenye volti 400 hutoa ampea 722 ikiwa na mzigo kamili. Impidansi yake ikiwa asilimia 4, gawa kwa 0.04: shoti kwenye vituo vyake hufika kA 18 hivi, na breka ya kA 25 inatosha. Kiwanda kikipanuka, ikaletwa transfoma ya kVA 1,000 yenye asilimia 5, shoti hupanda hadi kA 29. Breka ile ile sasa haifai, hata ingetolewa leo kwenye boksi. Nguvu ya kusukumana kati ya vyuma vyake hukua kwa kipeo cha pili cha mkondo, kwa hiyo imeongezeka zaidi ya mara mbili na nusu. Mota kubwa nazo huongeza shoti, kwa kuwa inapotokea hugeuka jenereta kwa muda mfupi. Urefu wa nyaya, kwa upande mwingine, hupunguza shoti.

Kibao cha breka kisomwe kwa makini. Swichi za zamani za Uingereza ziliandikwa MVA: MVA 250 kwenye kV 11 ni kA 13.1 tu. Kwenye breka za volti ndogo, kiwango cha IEC 60947-2 hutenganisha Icu, shoti ambayo breka ikishaikata haidhaminiwi kuendelea na kazi, na Ics, ambayo baada yake huendelea.

Kuhusu hali yake, adui mkubwa ni grisi iliyoganda, maana breka hukaa miaka bila kuguswa, kisha hutakiwa kufunguka kwa sehemu ndogo ya sekunde. Usugu wa viunganishi hupimwa kwa maikro-ohmu, na kwenye breka za mafuta, mafuta hupimwa unyevu na kaboni. Kuingiza mkondo kwa mashine ya majaribio huonyesha kama breka inaruka kwa wakati, lakini volti zake ni chache mno na hakuna tao kali la umeme la kuzimwa. Uwezo wa kukata shoti kamili huthibitishwa kwa sampuli katika maabara maalumu, kama ya KEMA huko Arnhem, Uholanzi. Karakana ya kiwanda haiwezi kuuthibitisha.

Hesabu ikikataa, dawa ni kubadilisha breka, au kuweka mbele yake fyuzi za kupunguza mkondo ambazo mtengenezaji amezithibitisha pamoja nayo. Penye transfoma mbili sawa zinazolisha basiba moja, kufungua swichi ya kati inayoigawa basiba hiyo hupunguza shoti karibu nusu siku hiyo hiyo, ila transfoma moja ikifa, upande wake hubaki gizani hadi swichi hiyo ifungwe.