Mwana wa Kulea katika Bonde la Kilombero

Katika Lipangalala, kata moja ya mji wa Ifakara, si ajabu kuona nyumba yenye mtoto asiyezaliwa na wenyewe. Wengine ni wajukuu walelewao na bibi zao, wengine ni watoto wa ndugu, na wachache hawana damu ya ukoo hata kidogo. Walezi hutuuliza sisi walimu: mtoto aambiwe lini? Kabla ya kujibu yafaa tutazame kwa nini wazee walinyamaza, maana hawakunyamaza kwa ujinga.

Kwanza lugha yenyewe. Ndugu wa kiume wa baba ni baba mkubwa au baba mdogo, na dada yake mama ni mama. Yatima aliyechukuliwa na baba mdogo hakudanganywa alipofundishwa kumwita baba, kwa kuwa ndivyo alivyo. Lakini asiye wa ukoo habari yake ilikuwa nyingine.

Katika karne ya 19 bonde hili lilisumbuliwa sana na vita. Wahehe na Wangoni walishambulia, Wambunga wakaingia wakakaa. Watoto waliotekwa walikuzwa katika nyumba za wale waliowateka, wakapewa jina na jembe, hata wakawa watu wa pale. Siku zile kumwuliza mtu asili yake kulikuwa sawa na kumwuliza kama ni mwungwana au mtumwa. Mwaka 1904 serikali ya Wadachi iliamuru kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 wawe huru. Lakini utumwa wenyewe haukufutwa katika Tanganyika mpaka mwaka 1922, chini ya Waingereza. Katikati ya miaka hiyo vikaja Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, na njaa iliyovifuata, na mayatima wakazidi. Basi mlezi aliyefunga kinywa alikuwa akimlinda mtoto, nasi twamheshimu kwa hilo.

Sababu ile imekwisha, kimya kimebaki. Tena mlezi hufunga kinywa chake tu, hawezi kufunga vya wengine. Mtani ana ruhusa ya kusema msibani lisilosemwa na mtu mwingine, na siku ya kugawa urithi kila jirani hukumbuka nani alizaliwa wapi. Hapo ndipo mtoto husikia, naye aliyeweza kumjibu amekwisha kuzikwa.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imelisema jambo hili: mzazi aliyeasili mtoto ndiye amwambie, ikiwa ni kwa faida ya mtoto, naye awe ametimiza miaka 14. Lakini amri hiyo ni ya mtoto aliyeasiliwa kwa hukumu ya mahakama. Wanaolelewa kwa neno la wazee tu hawamo, na kwao sisi twaona miaka 14 imechelewa mno. Kufikia umri huo mtoto amekwisha kukaa darasani miaka saba pamoja na wenzake waliosikia habari zake kwa mama zao. Afadhali aambiwe kabla ya kuanza darasa la kwanza, kwa maneno machache: yuko mama aliyekuzaa, na yuko mama anayekulea. Mambo mazito, kama vile kutupwa au aibu ya mzazi, yaweza kungoja akili ikomae.

Kwa mapadre liko jambo moja zaidi. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1091, huzuia ndoa ya watu wa damu moja hata daraja ya nne ya upande, na kanuni ya 1094 huzuia pia udugu fulani utokanao na kuasili. Kijana asiyejua ukoo wake atamjibu padre kwa moyo safi kwamba hana udugu na mchumba wake, na jibu lake halitathibitisha kitu. Kwa hiyo yafaa mlezi aulizwe peke yake, faraghani, kabla tangazo la ndoa halijasomwa kanisani.