Kivumbasi na vita vya malaria Unguja

Wadau, tukisimulia vita vya malaria hapa Unguja tunataja dawa na mashirika, kivumbasi tunakisahau. Ni kimmea cha ukoo wa nanaa, ndugu wa mrehani, hujiotea chenyewe njiani. Wazee wa pwani walikichoma au kukitundika chumbani ili harufu yake ifukuze mbu.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 ikaja kampeni ya kupulizia dawa majumbani, ikisaidiwa na Shirika la Afya Duniani. Malaria ikashuka sana. Mwaka 1968 kampeni ikasimamishwa, na kufikia 1973 zaidi ya nusu ya waliopimwa Unguja walikuwa na vimelea. Kivumbasi kilikuwepo miaka yote hiyo. Kumbe kufukuza mbu ni jambo moja, kumaliza malaria ni jingine.

Dawa mseto na vyandarua vilivyoanza kusambazwa miaka ya 2000 ndivyo vilivyoishusha tena.

Leo Mlandege ni maduka na saruji, kivumbasi kitaota wapi? Kama nyumbani kwenu yupo bibi anayekijua, muulize mapema. Ila chandarua msikitoe, jamani!