Rhine na Kongo: Mito Miwili, Ahadi Moja

Ndugu msikilizaji, wengi wetu tuliopita shule tulifundishwa jibu fupi kwa swali refu. Swali lilikuwa hili: kwa nini Ulaya ilitangulia kwa viwanda na biashara, na Afrika ya Kati ikabaki nyuma? Mwalimu wa jiografia alijibu: ni mito. Mito ya Ulaya inapitika na vyombo, mito ya Afrika ina maporomoko. Tukaandika kwenye daftari, tukafaulu mtihani, tukaenda zetu.

Jibu hilo lina ukweli ndani yake, wala sikusudii kumvunjia mwalimu heshima. Lakini chukua mito miwili tu, Rhine wa Ulaya na Kongo wa kwetu Afrika, uitazame pamoja na historia yake. Utaona kwamba mwalimu alitusimulia nusu ya habari.

Kwanza ukubwa. Rhine una urefu wa kilometa 1,230 hivi. Unaanzia katika milima ya Alps huko Uswisi na kuingia baharini Uholanzi. Kongo una urefu wa kilometa zipatazo 4,700 na unakata mstari wa ikweta mara mbili, kwa hiyo upande mmoja ukiwa na kiangazi upande wa pili una mvua, na maji hayapungui sana mwaka mzima. Kwa wastani Kongo humwaga baharini mita za ujazo zaidi ya 40,000 kila sekunde. Rhine humwaga kama 2,300. Na kutoka Kisangani mpaka Kinshasa vyombo hupita kilometa 1,700 bila kizuizi cha maporomoko. Kipande hicho peke yake kinaushinda Rhine mzima kwa urefu.

Ubaya wa Kongo uko mlangoni. Chini ya Kinshasa, kwa kilometa kama 350, mto unashuka kwa kishindo mita 270 hivi mpaka Matadi, na hapana meli inayopita hapo. Ni sawa na mtu mwenye nyumba kubwa ya vyumba vingi ambayo mlango wake wa mbele umezibwa na jabali.

Hapo mwalimu alikuwa na haki. Ila hakutuambia kwamba Rhine nao haukuwa barabara ya lami tangu siku ya kwanza. Karibu na mji wa Bingen palikuwa na miamba iliyovunja mashua. Sehemu za juu, mto ulijikunja kama nyoka, ukahama njia yake kila mafuriko yalipokuja na kuacha madimbwi yenye mbu. Naam, malaria ilikuwepo Ujerumani, kandokando ya Rhine. Na kubwa kuliko yote lilikuwa ushuru. Mwishoni mwa karne ya 18, kati ya Strasbourg na mpaka wa Uholanzi, mfanyabiashara alisimamishwa kwenye vituo vya ushuru vipatavyo 30, kila mtawala akidai chake.

Mabadiliko yalianza kwa karatasi. Mwaka 1815, wakuu wa Ulaya waliokutana Vienna baada ya vita vya Napoleon walikubaliana kwamba mito inayopita nchi nyingi iwe huru kwa vyombo vya wote. Mwaka 1816 kamisheni ya mto Rhine ilikutana mara ya kwanza mjini Mainz. Walioketi mezani ni wenye kingo wenyewe: Ufaransa, Uholanzi, Prussia, Baden, Bavaria na wenzao.

Usidhani walipatana mara moja. Mkataba ulisema vyombo vipite huru "mpaka baharini". Uholanzi, iliyoshika mlango wa mto, ikadai kwamba "mpaka baharini" maana yake ni kuufikia ufuko, si kuingia katika bahari yenyewe! Walivutana juu ya maneno hayo mpaka 1831. Ushuru wenyewe ulifutwa kabisa kwa mkataba wa Mannheim wa 1868.

Wakati huo huo majembe yalikuwa kazini. Mhandisi Johann Gottfried Tulla wa Baden alianza mwaka 1817 kuunyoosha Rhine wa juu, kazi iliyokwisha 1876, miaka mingi baada ya kifo chake. Mto ukafupishwa kilometa 81 hivi. Kisha 1872 Waholanzi wakafungua mfereji mpya wa kuingilia Rotterdam kutoka baharini. Leo Rotterdam ndiyo bandari kubwa kuliko zote Ulaya, na matishari hupanda mpaka Basel, nchini Uswisi, nchi isiyo na hata shubiri moja ya pwani.

Kwingineko duniani walitumia njia nyingine. China, ambako mito mikubwa hutoka magharibi kwenda mashariki, ilihitaji njia ya kutoka kusini kwenye mpunga kwenda kaskazini. Mfalme Yang wa ukoo wa Sui akaamuru Mfereji Mkuu uchimbwe miaka ya 605 hadi 610, kwa kazi ya lazima iliyowachosha watu mno, na utawala wake ukaanguka 618. Marekani nayo iliponunua Louisiana kwa Ufaransa mwaka 1803 kwa dola milioni 15, ilipata mlango wa Mississippi, ikawa na mamlaka moja kutoka juu mpaka New Orleans. Ulaya haikuwa na mwenye mto mmoja. Ilibidi waketi.

Turudi Kongo sasa. Je, kingoni mwake hapakuwa na watu wa kuketi? Walikuwepo. Katika karne ya 19 Wabobangi walikuwa wakifanya biashara kwa mitumbwi katika mto wa kati kwa mamia ya kilometa, na lugha yao ndiyo iliyozaa Kilingala. Wapagazi walibeba mizigo kwa miguu kutoka ziwa la Malebo hadi pwani, wakiyazunguka maporomoko. Upande wa juu, kwenye maporomoko ya Boyoma, walifika wafanyabiashara wa pembe na watumwa kutoka Zanzibar, Tippu Tip akiwa mkubwa wao, nao wakaja na Kiswahili. Mpaka leo ukiwa Kisangani utasikia lugha zote mbili sokoni: Kilingala kilichopanda na mto na Kiswahili kilichotoka mashariki.

Tarehe 26 Februari 1885 mataifa 14 yalitia saini mkataba wa Berlin. Sura ya nne ya mkataba huo ilihusu Mto Kongo, na imetaja waziwazi kanuni za Vienna za 1815. Vyombo vya mataifa yote vipite huru. Reli yoyote itakayojengwa kuyazunguka maporomoko ihesabiwe kuwa sehemu ya mto, nayo iwe wazi kwa wote. Iundwe kamisheni ya kimataifa. Kwa maandishi, Kongo ulipewa sheria ileile ya Rhine, na pengine bora zaidi.

Tofauti ilikuwa mezani. Mwafrika hakuwepo hata mmoja, na kamisheni ile haikuundwa kamwe.

Reli ya kuzunguka jabali ilijengwa, kutoka Matadi hadi Kinshasa, iliyoitwa Leopoldville, kati ya 1890 na 1898. Kwa hesabu rasmi ilikula roho za wafanyakazi karibu 2,000, wakiwemo waliotolewa Afrika Magharibi, Barbados na hata China. Kwa hiyo mlango ulifunguliwa. Kasoro aliyoitaja mwalimu ilipatiwa dawa kabla karne haijakwisha.

Na kilichopita mlangoni ni nini? Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji alikwisha kutangaza ardhi "isiyo na mwenyewe" kuwa ya dola lake, na amri za 1891 na 1892 zikamfungia yeye pembe na mpira. Mfanyabiashara wa kingoni aliyeuza kwa hiari yake akageuzwa mtu wa kutozwa mpira kwa nguvu. Karani mmoja wa kampuni ya meli ya Liverpool, Edmund Morel, aliligundua jambo hilo bandarini Antwerp kwa kutazama tu shehena. Meli zilirudi kutoka Kongo zimejaa mpira na pembe. Zilizokwenda zilibeba zaidi bunduki na risasi. Akajiuliza: bidhaa za kuwalipa watu wale ziko wapi? Mwaka 1908 Leopold alilazimika kuiachia nchi kwa serikali ya Ubelgiji.

Nchi za kingoni ziliunda kamisheni yao tarehe 6 Novemba 1999, kwa mkataba uliotiwa saini Brazzaville na Kamerun, Jamhuri ya Afrika ya Kati na Kongo zote mbili. Gabon na Angola zilijiunga baadaye. Makao yake yako Kinshasa, na kazi iliyopewa ni kuweka kanuni za pamoja za usafiri wa majini. Tangu kikao cha Mainz ilikuwa imepita miaka 183. Tangu Berlin, miaka 114.