Hamira na Dawa ya Malaria

Vijidudu vya malaria vilipozoea klorokwini, dawa iliyokuwa tegemeo la mataifa mengi, ilibidi itafutwe nyingine. Katika mwaka wa 1972 wataalamu wa China, chini ya uongozi wa Bibi Tu Youyou, walipata artemisinini kutoka katika majani ya mmea wa jamii ya pakanga. Bibi huyo alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka wa 2015.

Lakini mmea hukaa miezi mingi shambani. Wakulima wakipanda kidogo, dawa huadimika na bei hupanda. Wakipanda kupita kiasi, bei huanguka.

Basi Profesa Jay Keasling na wenzake, katika maabara yao ya Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, walijiuliza: je, kazi ya jani haiwezi kufanywa na hamira, ile ile iumuayo unga wa mkate? Hamira ni kiumbe hai kisichoonekana kwa macho matupu, nacho, kama viumbe vyote, kina jeni, yaani maagizo ya urithi yanayoamuru kitengeneze nini. Walitia jeni za mmea ndani ya hamira, wakarekebisha na zake yenyewe, hata ikaweza kugeuza sukari kuwa asidi ambayo wakemia huimalizia iwe dawa.

Kazi haikuwa nyepesi. Mwaka wa 2004 Wakfu wa Gates uliahidi dola milioni 42.6. Mwaka wa 2006 hamira ilitoa miligramu 100 hivi katika kila lita; kufikia mwaka wa 2013, kwa juhudi za kampuni ya Amyris, ilitoa gramu 25, yaani mara 250 zaidi. Mwaka huo huo kampuni ya Sanofi ilianza kutengeneza dawa hiyo kiwandani Garessio, Italia.

Hata hivyo, wakati huo wakulima wa China, Vietnam na Afrika ya Mashariki walikuwa wamevuna kwa wingi, na artemisinini ya shambani ikawa rahisi kuliko ya kiwandani. Mwaka wa 2016 Sanofi iliamua kukiuza kiwanda.

Je, maabara ilishindwa? La. Ilijibu swali lake barabara. Lakini swali la bei hujibiwa sokoni, na huko yuko mkulima mdogo ambaye ushindi wa hamira ungemnyang'anya riziki, na yuko mgonjwa ambaye uhaba wa majani ungemnyima dawa. Mwanasayansi mwenye busara huwakumbuka wote wawili.