Chekeche, Chujio na Kinasakutu: Majina Matatu kwa Maji ya Boila

Fundi wa mabomba akisema "weka filta", mteja ana haki ya kuuliza: filta ipi? Neno hilo tumelizoea kwenye gari, kwenye maji ya kunywa, hata kwenye sigara. Katika boila ya kuni, ile inayosimama nje ya jengo na kupeleka maji ya moto ndani kwa bomba, linafunika vifaa vitatu visivyofanana kazi. Anayenunua kimoja akidhani ni kingine hutupa fedha zake. Makala haya yanapendekeza kila kifaa kipate jina lake.

Boila ya nje ya kupashia nyumba ni jambo la nchi za baridi, hasa vijijini Marekani na Kanada. Kampala, iliyo kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, haihitaji kupasha nyumba joto. Ndugu wa boila hiyo huku kwetu wako viwandani: viwanda vya chai vya magharibi mwa Uganda na vya Kericho huchoma magogo ya mikaratusi kupata mvuke wa kukaushia majani. Lakini kutu haichagui nchi. Teremka kutoka kilima cha Old Kampala kuelekea Kisenyi, utakuta wachomeleaji na wauza vyuma chakavu, watu wanaoijua kutu kwa mikono yao. Hapo Kiganda, Kiingereza cha vitabu vya mashine na Kiswahili hukutana, kikiwemo Kiswahili cha Wakongo ambao wengi wao walianza maisha ya Kampala kwa kujiandikisha kama wakimbizi katika kituo cha polisi cha Old Kampala. Panapokutana lugha nyingi hivyo, jina lisiloeleweka huzaa kazi mbovu.

Kwanza tuijue kutu yenyewe. Chuma kikikutana na maji na oksijeni, hulika. Boila nyingi za nje zina tundu la kupumulia, hivyo hewa huingia na maji hayaishiwi oksijeni. Penye oksijeni ya kutosha hutokea kutu nyekundu. Penye oksijeni haba hutokea kutu nyeusi iitwayo magnetaiti, tope laini linalotia maji rangi ya wino. Tofauti yake kubwa ni hii: nyeusi huvutwa na sumaku, nyekundu karibu haivutwi. Juu ya kutu kuna takataka za ujenzi: mchanga, magamba ya kuchomelea, vipande vya utepe wa kuzibia maungio. Vyote hivyo hula pampu, huziba njia nyembamba za kibadilisha joto, na vikilala chini ya tangi huzuia joto la moto lisifike kwenye maji, bati likaungua.

Kifaa cha kwanza nakiita chekeche. Ni wavu wa chuma ndani ya tawi la bomba lililoinama kama herufi Y. Hukaa kwenye bomba la kurudisha maji, kabla ya pampu, ili kuikinga. Wavu wenye matundu 100 kwa kila inchi huzuia chembe zinazozidi mikroni 150 hivi, na mikroni moja ni sehemu ya 1,000 ya milimita. Chekeche huzuia makubwa, hufunguliwa, huoshwa na kurudishwa. Atakayepinga kwamba unga ndio huchekechwa na maji huchujwa ana hoja. Lakini kifaa hiki hutenga kwa ukubwa wa tundu tu, na hiyo ndiyo maana ya kuchekecha.

Cha pili ni chujio: mfuko wa kitambaa au silinda ya nyuzi zilizosokotwa, yenye uwezo wa kunasa chembe za mikroni 50, 20, hata 5. Chujio hushika kutu nyekundu iliyopenya chekeche, ila hujaa upesi na kubana mkondo. Kwa hiyo lifungwe kwenye njia ya pembeni, maji kidogo yapite humo huku mengine yakiendelea na safari. Gamba la plastiki la kushikia chujio, lililotengenezwa kwa ajili ya maji baridi ya kunywa, lisitumike hapa. Maji ya boila hufika nyuzi 80 na zaidi, nalo litapasuka.

Cha tatu ni kinasakutu, jina lililoundwa kwa mfano wa kinasasauti. Ndani yake mna sumaku inayovuta kutu nyeusi, hata chembe ndogo zinazopita kwenye wavu bila kujulikana. Haina habari na mchanga wala utepe. Ndiyo maana kinasakutu hakichukui nafasi ya chekeche, wala chekeche haichukui nafasi yake.

Yanayotulia chini ya tangi yabaki na jina lake, mashapo. Hayo hayachujwi, hutolewa kwa koki ya chini, maji yakiwa yametulia na boila imepoa.

Kiswahili si mgeni katika kazi hii ya istilahi jijini humu. Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ilikuwa na makao Makerere, kilima jirani na Old Kampala, tangu 1952 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 2005 katiba ya Uganda ilirekebishwa na kukifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili. Vyuo vya ufundi vikianza kufundisha kwa lugha hiyo, vitahitaji maneno ya karakana kabla ya maneno ya hotuba.

Jina zuri halizuii kutu, na kuchuja hakuiponyi. Boila inayoongezwa maji kila wiki huenda inavuja mahali fulani, na kila ndoo mpya huingiza oksijeni mpya. Zibeni uvujaji, tieni dawa ya kuzuia ulikaji kwa kipimo, kisha ndipo mchuje. Na ukifika dukani usiombe filta: taja chekeche, chujio au kinasakutu, na uulize ukubwa wa tundu na kiwango cha joto kinachostahimiliwa.